Salamu za Kupitia kwa Jerop

Kitale, Jumapili 4 Aprili 1948

Dinah amesema nalalamika mno. Ati mvua nailalamikia na bado inanyesha, cherehani nailalamikia na bado inakata uzi, na yeye masikio yamemchoka. Basi nimechukua daftari dukani kwa Alwi, nitakuwa nalalamikia humu.

La kwanza: mabati yanavuja juu ya kitanda. La pili: mke wangu ana uvimbe tumboni, na tarehe ishirini atapasuliwa. La kwanza nimelitanguliza kwa kuwa ni jepesi.

Kama kuna atakayesoma, mimi ni Eliakim Walubengo, fundi wa nguo. Kwetu ni Kabuchai, lakini tangu nioe nakaa lokesheni, mtaa wa Waafrika hapa Kitale, na cherehani yangu iko barazani kwa duka la Alwi Muhdhar. Dinah ni mtu wa Malakisi. Hatujapata mtoto. Daktari wa hospitali ya misheni anasema uvimbe huo ndio unaozuia, na ukitolewa shida imekwisha.

Alhamisi 8 Aprili

Mvua. Suruali za makarani. Hakuna la kuandika.

Jumatano 14 Aprili

Akina mama wa kanisa walikuja jioni wakaimba mpaka mbwa wa jirani akaimba nao. Wamekubaliana kufunga kwa ajili ya Dinah, kuanzia Jumamosi mpaka siku ya kisu. Nikawashukuru. Ni watu wazuri, ila mmoja wao amekalia kofia yangu.

Jumapili 18 Aprili

Dinah hali chakula. Nilisonga ugali mwenyewe, nikapika na maharagwe, akatazama tu. Nikamwambia, "Si wao ndio wanafunga? Wewe mgonjwa kula."

"Watu walale njaa kwa sababu yangu halafu mimi nishibe? Ningeona haya, Eliakim."

Nikala peke yangu. Yeye akanywa maji.

Leo nilipita kwa Alwi nikamweleza. Akaacha kupima kitambaa. "Mgonjwa anafunga? Sisi kwetu mgonjwa hafungi, Fundi. Mungu amemsamehe."

Nikamjibu kwamba dini yake na yangu ni mbalimbali na kila mtu ashike yake. Akasema haya, akaendelea kupima.

Jumanne 20 Aprili

Imekwisha, tena vizuri! Namshukuru Mungu.

Asubuhi Kipkemboi, dresa anayefunga vidonda na kumtafsiria daktari, alimuuliza Dinah, "Umekula kitu leo?" Akajibu hajala. Daktari akafurahi, akasema vizuri sana, maana mtu akilala kwa ile dawa huku ameshiba hutapika na kukabwa. Wakamfunika kitambaa puani. Mimi nilikuwa nje dirishani, harufu yake ikanifikia, tamutamu, ya kichefuchefu. Wanaiita klorofomu. Mtu hasikii kisu wala hasikii jina lake.

Uvimbe nilionyeshwa ndani ya beseni. Sitaki kuuona tena. Alasiri Dinah akaamka, akaniuliza kama nimefunga mlango wa nyumba. Lo, nilicheka! Katumbuliwa tumbo lote, na anafikiria kufuli.

Alhamisi 22 Aprili

Anatapika. Wanasema kidogo ni kawaida.

Ijumaa 23 Aprili

Si kawaida.

Nilipofika wodini asubuhi macho yake yalikuwa ya manjano. Nilidhani ni mwanga wa dirishani, nikamgeuza uso upande wa pili, manjano ikabaki palepale. Matapishi ni meusi. Aliniita kwa jina la kaka yake. Halafu akaniambia nitoe mbuzi kwenye tumbaku, na hapo ni kitandani hospitali.

Daktari alikuja mbio, akambonyeza chini ya mbavu za kulia, akaniita pembeni na Kipkemboi. Nitaandika kama nilivyoelewa. Ile dawa ya usingizi ina sumu yake. Watu wengi ini huishughulikia ikaisha. Lakini ini likiwa halina akiba ya chakula, halina sukari ndani yake, dawa hulila ini lenyewe, na dalili zinakuja baadaye, wakati kila mtu ameshashangilia.

Daktari akauliza, "Alikula lini mara ya mwisho?"

Nikasema, "Ijumaa jioni."

"Ijumaa? Ijumaa ipi?"

Kipkemboi hakusubiri kutafsiri. Alinikazia macho tu. Nilipoeleza habari ya kanisa, daktari alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Hakunigombeza. Alisema kosa ni lake pia, kwamba aliuliza habari ya leo tu, hakuuliza habari ya jana. Ningependa angenigombeza.

Wanamtilia maji ya sukari kwa mpira puani, na mengine kwa sindano. Nimekaa sakafuni kando ya kitanda. Mvua inapiga mabati ya wodi kiasi kwamba hata nikimwita siwezi kujisikia.

Jumanne 27 Aprili

Leo amenijua. Alisema, "Mbona hujanyoa?"

Jumamosi 8 Mei

Kesho kutwa ataruhusiwa. Wodi imejaa watu wa malaria, wengine wanalala chini. Daktari amenikalisha akanipa masharti, Kipkemboi akanirudishia mara mbili mpaka nikakasirika kuonekana mjinga.

Ini lake limeumia na litapona polepole, likiachwa kwa amani. Uji mwembamba wenye sukari, kidogokidogo, mchana kutwa. Maji ya glukosi. Viazi, ndizi. Mafuta hapana: nyama ya mafuta hapana, samli hapana kabisa. Mitishamba hapana, hata kama inatoka kwa bibi yake. Kila Jumatatu nimlete aangaliwe macho na mkojo. Macho yakirudi manjano, au akianza kulala mchana na kusemasema ovyo, nisingoje Jumatatu. Nimlete siku hiyohiyo.

Tatizo ni nani atampikia huo uji wa kidogokidogo. Mama yangu alishafariki. Dada zangu wako Kabuchai kwenye palizi. Mimi nikitoka barazani kwa Alwi wateja watahamia kwa fundi mwingine.

Dinah akasema, "Nataka mama."

Nikaanza kuwaza nitalala wapi.

Jumatano 12 Mei

Mama mkwe amekuja, nami nimehama nyumba yangu.

Mtu wa mbali hataelewa, kwa hiyo naeleza. Kwetu mtu na mama wa mkewe hawaonani. Hawakai nyumba moja, hawali pamoja, hawashikani mikono, na wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Si chuki. Ni heshima, na ni haya. Sisi wa kanisa tumeacha mengi ya wazee, lakini hili hatujaliacha, na sijui mchungaji yeyote aliyethubutu kulisema mimbarani. Nimeoa miaka yote hii na sijawahi kuona uso wa yule mama. Nimeona mgongo wake na leso yake. Jina lake ni Nasambu, analima tumbaku Malakisi, na watu wanasema ana mikono migumu. Hayo tu ndiyo ninayojua.

Alituma neno kwamba atakuja kumuuguza mtoto wake ikiwa nyumba itakuwa wazi. Basi nimeiacha wazi. Nimebeba blanketi na wembe, nimehamia stoo ya Alwi, kati ya magunia na vitambaa. Aliposhuka kwenye lori nilikuwa nimejificha nyuma ya duka, mtu mzima na ndevu zangu. Kadija, mke wa Alwi, alicheka mpaka akakaa chini. "Fundi, unamkimbia bibi kizee!"

Maneno yetu yatapita kwa Jerop, jirani yetu wa mlango wa pili. Yeye ni mwanamke wa kabila jingine, la mlimani, na hata kwao mkwe na mkwe hawaonani, kwa hiyo anajua jinsi ya kusema. Nimemfundisha masharti yote ya daktari. Akaitikia kwa kichwa, "Ndiyo, ndiyo, Fundi, nimeshika."

Ijumaa 14 Mei

Nimepata njia. Kila asubuhi kabla ya kufungua cherehani napita barabarani, nasimama kwenye uzio, nakohoa. Dinah ndani anajua kikohozi changu. Anaitikia, "Niko!" Nami nakwenda kazini.

Jumamosi 15 Mei

Nimekohoa. "Niko!"

Jumatatu 17 Mei

Leo siku ya hospitali. Mama mkwe alikaa jikoni, Jerop akamtoa Dinah mpaka barabarani, nikampandisha mkokoteni. Basi tulikuwa wawili njia nzima. Nilimwambia habari za vitambaa, za Alwi na mkewe, za karani aliyerudisha suruali ati imembana, kumbe kanenepa yeye. Alicheka akishika kovu. Nilitamani hospitali iwe mbali zaidi, iwe hata Eldoret.

Macho meupe. Daktari karidhika.

Kurudi ndipo akaniambia, "Mama anatia samli kwenye uji. Kidogo."

"Samli! Si nilikataza?"

"Aliibeba kichwani kutoka nyumbani mpaka kwenye lori, Eliakim. Nikimkatalia ananitazama mifupa, analia. Mwambie wewe."

Niliporudi nilimwita Jerop nikamwambia waziwazi: mama aache samli, daktari amekataza, ni sumu kwa ini. Jioni akaniletea jibu: "Mama anashukuru, amesikia."

Jumatano 19 Mei

"Niko!" Sauti ndogo, lakini mvua ilikuwa kubwa, labda ndiyo iliyoimeza.

Jumapili 23 Mei

Sikuingia kanisani. Nilikwenda nikarudi mlangoni. Wale mama wangeniuliza hali yake, na wangependa kusikia jinsi maombi yalivyojibiwa. Nimekaa stoo nikisikiliza panya.

Jumatatu 24 Mei

Daktari yuko safari, atarudi baada ya wiki mbili. Kipkemboi akamwangalia Dinah macho, akasema yuko sawa, ila aongeze uji. Amekonda. Njiani hakuongea sana. Nilimuuliza habari ya samli, akasema, "Niache nipumzike."

Nimemwita tena Jerop. Nimemwambia kwa ukali zaidi. Jerop ametazama chini akasema atasema.

Alhamisi 27 Mei

Yule mama ni mkaidi. Nimemnunulia sukari, nimempelekea glukosi mkebe mzima, na Jerop anasema samli bado iko mezani. Malakisi nzima wana kichwa kigumu, nilijua tangu siku ya kulipa mahari. Wanadhani ugonjwa wote ni kukosa mafuta.

Ningekuwa na mama yangu haya yasingekuwa hivi. Ningeingia jikoni nikapindua hilo bakuli.

Jumatatu 31 Mei

Njia ya hospitali imekatwa na maji, mkokoteni haupiti. Na daktari hayupo. Nimeona tungoje.

Alwi ananiletea chai na kuniuliza kila siku, "Mkeo?" Nami namjibu kwa maneno aliyoniletea Jerop: anaendelea. Nimechoka na neno hilo.

Ijumaa 4 Juni

Nimekohoa. Niliposikia kimya nikakohoa tena. Jerop akatoka akaniambia amelala.

Jumamosi 5 Juni

"Amelala."

Jumatatu 7 Juni

Maji bado. Nilimuuliza Jerop, analala mchana? Macho je? Akajibu, "Mama anasema mgonjwa anaendelea, na anakusalimu sana." Nikamuuliza tena, macho? Akasema, "Fundi, wewe mwanamume wa mahangaiko. Yuko na mama yake."

Ni kweli, yuko na mama yake. Mimi nipo na magunia.

Ijumaa 11 Juni

"Niko." Leo ameitikia! Sauti kama ya mtu aliye mbali shambani, lakini ameitikia. Nimeshona magauni siku nzima bila kukosea.

Jumapili 13 Juni

Kimya.

Jumatano 16 Juni

Niandike jana, ingawa sitaki.

Mchana wa jana Kadija alikwenda kumwona Dinah, kapeleka ndizi. Yeye si mtu wetu, hana wa kumkimbia. Mvua ilikuwa imeshika. Alirudi bila mwavuli wake, buibui lote maji, akanijia moja kwa moja kwenye cherehani mbele ya wateja.

"Fundi, mkeo amekuwa manjano, manjano ya binzari. Na hanijui. Nimemwita, hanijui."

Sijui nilivyofika. Viatu viliachwa njiani kwenye tope. Nilisimama mlangoni kwangu, mkono juu ya komeo la nyumba niliyojenga kwa jasho langu, na nikashindwa kuingia. Nakiri nilishindwa. Nilikuwa nasikia leso ikiburuzwa ndani. Nikasema, "Mama, nisamehe. Naingia."

Sauti ikajibu, nene, isiyo na hasira. "Ingia. Nakungoja tangu juzi."

Nikaingia. Alikuwa amejifunika kichwa chote kwa leso, amegeukia ukutani. Dinah alikuwa kitandani mdomo wazi, ngozi ile si ya kwake. Nikamshika. Alikuwa moto.

"Ulikuwa unaningoja? Mbona hukuniita?"

"Sikukuita?" Aliuambia ukuta. "Wiki iliyopita nzima namwambia Jerop: mwambie mkwe wangu macho yamerudi manjano, mkojo umekuwa chai, mtoto halali usiku, analala mchana. Mimi sijui dawa ya wazungu, mwambie yeye ndiye aliyesikia daktari. Na kila siku analeta jibu ati mkwe wako anakushukuru kwa unavyomtunza."

Nikasema, "Mimi nilituma uache samli. Nilituma zaidi ya mara moja."

Akasema, polepole, "Samli? Jerop aliniambia mkwe wako anashukuru kwa samli. Nikaongeza."

Nikamfuta Dinah jasho usoni.

"Mwanangu, ungeniambia acha, ningeimwaga nje siku ileile. Nilidhani nakupendeza."

Jerop alikuwa mlangoni. Nilimgeukia na maneno ambayo sitayaandika. Alikuwa analia waziwazi, kashika mdomo. "Ningesema nini, Fundi? Mkwe amkataze mama mkwe chakula alichobeba kichwani? Kwetu hayo ni matusi, mtu anafungasha anakwenda kwao. Na yeye anitume nikuambie wewe mkojo wa binti yake? Nilitaka mpendane. Niliona haya kwa niaba yenu."

Hasira yangu ilikuwa tayari mdomoni ikakosa pa kwenda. Ni mtu aliyekuwa akitusaidia uji na maji wiki hizi zote. Alinitendea alivyolelewa kutenda, na mimi ndiye niliyemchagua kwa sababu hiyohiyo.

Mkokoteni haukupatikana. Tuling'oa mlango wa jikoni, tukamlaza Dinah juu, tukamfunika kwa turubai ya Alwi. Nilishika upande wa kichwa. Nani angeshika upande wa miguu? Jerop ni mtu mwembamba. Alwi alikuwa amekwenda kulitafuta lori lake lililokuwa nje na dereva. Mama mkwe akajifunga leso kiunoni, akavuta kanga ya pili mpaka machoni, akainama akashika. Akatangulia mbele yangu, mgongo kwangu, na hivyo tukatoka. Watu wa lokesheni walisimama vibarazani wakitutazama, mtu na mama mkwe wake wamebeba mzigo mmoja. Kule kwenye daraja maji yalitufika magotini. Akapaza sauti bila kugeuka, "Kanyaga nilipokanyaga mimi!" Nikakanyaga pale alipokanyaga.

Daktari amerudi kutoka safari. Alipomfunua Dinah akamtazama Kipkemboi, na sikuhitaji tafsiri. Sukari tena, mpira tena, sindano. Nilimuuliza ni samli? Akasema samli haikusaidia, lakini ini lilishaumia tangu ile siku ya kwanza, na lingehitaji kuonwa mapema. Nikamuuliza, mapema ingemponya? Akasema hajui. Labda. Nikamshika mkono nikamwambia anieleze vizuri. Akarudia kwamba hajui.

Mama mkwe amekaa upande mmoja wa kitanda, ameelekea dirishani. Mimi upande wa pili, nimeelekea mlangoni. Dinah katikati. Tunasemezana hivyo. "Amekunywa?" "Amekunywa." "Mgeuze." "Tayari."

Alhamisi 17 Juni

Hajaamka.

Ijumaa 18 Juni

Dinah amefariki asubuhi, mvua ikiwa imekatika. Mama yake ndiye aliyemfumba macho.

Kabuchai, Jumatatu 21 Juni

Tumemzika jana nyumbani kwangu. Alwi alitoa lori lake la kubebea ngozi, akaliosha mwenyewe kwa sabuni. Watu walikuwa wengi. Kila mmoja alinishika mkono akaniambia Mungu ndiye aliyetoa, na mimi nikawaitikia. Akina mama wa kanisa walikuja mpaka huku kutoka Kitale, njia yote ile ya tope. Waliimba vizuri. Sikuwaambia kitu juu ya ini. Walimpenda, na walilala njaa kweli.

Mama mkwe alikaa na wanawake nyuma ya nyumba. Nilisikia sauti yake ikilia kati ya nyingine, naijua sasa. Nilitaka kwenda pale. Hapa kote hakuna mtu aliyemsikia Dinah akisema "niko" ikififia, ila yeye kwa ndani na mimi kwa nje. Ningependa kumuuliza kama Dinah alikuwa anasubiri kikohozi changu asubuhi. Nilifika mpaka kona ya nyumba, dada yangu akanishika koti. "Unakwenda wapi? Mkwe wako yuko huko." Nikarudi.

Jumatano 23 Juni

Leo nimenyolewa nywele za msiba. Wazee wamezungumza sana. Watu wanaondoka.

Ijumaa 25 Juni

Nimelala mchana kutwa. Dada yangu ameniletea uji wenye samli. Nimetoka nao nje nikaumwaga, naye hakuniuliza.

Bungoma, Jumanne 29 Juni

Naandika nikiwa juu ya gunia, nangoja lori la kurudi Kitale. Nataka kuandika kabla halijaja.

Nilifika hapa stesheni nikawakuta wale wa Malakisi nao wanangoja lao. Mama mkwe alikuwa kati yao, leso usoni. Mimi, kama inavyopasa, nikazunguka kwenda upande wa pili wa ghala la pamba. Nikakaa huko na mzigo wangu.

Nikasikia nyayo, na ile sauti nene. "Walubengo."

Nikasimama haraka nikageuka kando, nikatafuta pa kuingia. Hapakuwa na pa kuingia, ni ukuta wa mabati tu. Nikajibu nikiwa nautazama ukuta, "Mama."

"Kila asubuhi alikuwa ananiambia nikae kimya asikie kikohozi chako," akasema. "Zile siku ambazo hakuitikia, alikuwa anaitikia. Sauti ndiyo haikutoka nje. Nilitaka ujue."

Nililia. Barabarani, mchana, mtu mzima. Sikujali nani anaona.

Ndugu zake walikuwa wanamwita, wamefadhaika, mmoja anasema, "Mama, hiyo ni aibu, njoo." Hakuwajibu. Akaniambia mimi, "Tulifichana kwa sababu ya mtoto. Mtoto hayupo. Namficha nani uso tena? Geuka unitazame."

Nikasema siwezi.

"Mimi nimeshakutazama siku nyingi pale kwenye tundu la dirisha, ukikohoa. Geuka."

Nikageuka. Alikuwa amevua leso, ameishika mikononi.

Alikuwa Dinah. Paji lile lile, na lile pengo dogo la meno ya mbele, na jicho la kushoto linalotangulia kucheka. Mvi tu, na mikunjo, na ngozi ya mtu aliyekaa miaka juani kwenye tumbaku. Dinah nisiyejaliwa kumwona, wa miaka ile ambayo tulidhani tunayo. Alisimama bila kusogea mpaka nikamaliza kutazama. Hakuniharakisha, ingawa lori lao lilikuwa limeshawasha moto na ndugu zake wanapiga kelele.

Kisha akajifunika tena, akasema, "Ule vizuri," akaenda zake.

Lori la Malakisi limeondoka. Langu bado, wanasema njia ya Kimilili ina tope.